Jinsi ya Kupima na Kurekebisha Mwendo wa Suspensheni ya Nyuma kwenye Gari Lililoshushwa

Malalamiko yanayosikika mara nyingi katika magaraji ya Katuba na Kampemba, mjini Lubumbashi, kuhusu magari yaliyoshushwa yana sura moja. Gari limekaa chini vizuri, rimu zimejaa ndani ya fenda, na dereva akiwa peke yake lami haimletei shida yoyote. Lakini watu watatu wakikaa kiti cha nyuma na gari likapita tuta la mbele ya shule, nyuma hutoka mlio wa kugonga unaosikika hadi kwenye usukani. Mwenye gari hununua shokapu mpya, mlio ukabaki palepale, naye akarudi kwa fundi na swali: «Fundi, amotisere ni ya mupya, sasa juu ya nini inagonga?» Inagonga kwa sababu upya wa shokapu hauongezi nafasi. Gari lilipopunguzwa kimo kwa milimita 40, gurudumu la nyuma lilipoteza milimita 40 za kupanda, na hakuna aliyepima ni ngapi zilizobaki.

Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuzipima, kisha namna ya kuamua kama kimo ulichokitaka kinawezekana kwa gari lako. Yameandikwa kwa kumfikiria mtu wa Lubumbashi, ambaye gari lake hilohilo asubuhi linapita lami ya katikati ya mji, mchana linaingia kwenye udongo mwekundu wa Ruashi, na mwisho wa juma linapakia jamaa kwenda Likasi, safari ya kilomita 120 hivi kwenye njia moja na malori ya madini. Gari la maonyesho linaloshushwa kutoka kwenye trela na kurudishwa juu yake lina sheria zake, na hizo si za hapa.

Kinachopimwa

Gurudumu la nyuma lina mahali patatu pa kuangalia. La kwanza ni pale linapokaa gari likiwa limesimama chini, yaani kimo cha kawaida. La pili ni pale linapoishia likiachwa lining'inie, mwili wa gari ukiwa umeinuliwa. La tatu ni pale linapoishia likisukumwa juu kabisa, hadi kitu fulani kilizuie. Umbali kutoka kimo cha kawaida hadi mwisho wa juu ni nafasi ya kupanda. Umbali kutoka kimo cha kawaida hadi mwisho wa chini ni nafasi ya kuning'inia. Ukizijumlisha hizo mbili unapata mwendo wote wa gurudumu, na kwa shokapu ileile jumla hiyo haibadiliki hata ukilishusha gari kiasi gani. Unachofanya unapobadilisha springi peke yake ni kuhamisha milimita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na upande unaopoteza ni ule wa kupanda, ambao ndio unaokuokoa kwenye mashimo.

Vipimo vyote vichukuliwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake moja kwa moja. Wengi hupima kutoka ardhini hadi fenda, na kipimo hicho hakifai kwa kazi hii, kwa sababu hubadilika ukibadilisha tairi au ukipunguza upepo, hali suspensheni yenyewe haijasogea. Ukumbuke pia kwamba kwa kipimo cha katikati ya gurudumu, namba ikipungua gurudumu limepanda.

Namna ya kupima

Tafuta sakafu ngumu iliyo sawa. Uwanja wa udongo, hasa katika majira ya mvua kuanzia mwezi wa Novemba, haufai hata kama unaonekana mgumu, kwa sababu stendi huzama upande mmoja bila wewe kujua. Uwe na tepu ya kupimia, jeki mbili, stendi mbili madhubuti, vizuizi vya kuweka mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na spana za boliti za chini za shokapu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni chombo cha kuinulia, na kazi ya kushikilia ni ya stendi.

Kwanza chukua kimo cha kawaida. Lisukume gari mbele na nyuma mita chache, ulibonyeze nyuma mara mbili tatu ili bushi (mipira ya kwenye viungo vya suspensheni) na springi zitulie, kisha pima pande zote mbili na uandike. Tofauti ya milimita chache kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida, na kwenye magari yaliyotembea sana upande wa dereva mara nyingi huwa chini kidogo. Tofauti kubwa zaidi inaonyesha springi iliyochoka au iliyovunjika mzunguko wa mwisho, nayo hiyo irekebishwe kabla ya kuendelea, kwani hesabu zote zinazofuata zitakuwa za gari bovu.

Baada ya hapo inua nyuma, weka stendi chini ya sehemu za mwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kuinulia, na uache magurudumu yaning'inie. Pima tena. Ukiwa hapo shika springi kwa mkono na ujaribu kuizungusha. Ikizunguka au ikicheza kwenye kiti chake, umeshapata tatizo la kwanza, nalo nitalirudia baadaye.

Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa na wengi, kwa kuwa kinataka springi itolewe. Kwenye magari yenye boriti ya nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, ambayo springi yake imekaa peke yake mbali na shokapu, unafungua boliti za chini za shokapu, unateremsha boriti taratibu kwa jeki, na springi inatoka bila kubanwa. Kwenye magari ambayo springi imevishwa juu ya shokapu ni lazima utumie vibanio vya springi, viwili vinavyotazamana, vikikazwa kwa zamu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa wa mkono, na nati ya juu ya shokapu haifunguliwi kamwe kabla springi haijalegea. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpe fundi mwenye vibanio hivyo, wewe ubaki na tepu.

Springi ikishatoka, rudisha shokapu mahali pake, legeza kidogo boliti za bushi ili mpira usizuie mwendo, kisha inua gurudumu kwa jeki polepole. Simama pale raba ya kuzuia, ile iliyo juu ya rodi ya shokapu (fimbo inayoingia na kutoka ndani yake) au iliyofungwa kwenye chesi, inapoanza tu kuguswa, na uandike namba hiyo. Endelea kuinua hadi raba ibanwe na mwili wa gari uanze kuwa mwepesi juu ya stendi, hapo usimame na uandike tena. Mwishowe toa raba kabisa na uinue kwa uangalifu mkubwa hadi kitu kigumu kiguse: pengine ni shokapu iliyofika mwisho wake wa ndani, pengine ni tairi kwenye fenda, pengine ni boriti kwenye chesi au bomba la moshi lililobanwa kati yao. Namba hii ya mwisho ni kikomo cha chuma. Raba inapaswa kuwa imebanwa kabisa kabla ya kufika hapo, na kwa kuwa shimo lililopigwa kwa kasi hubana raba kuliko jeki inavyoweza, acha angalau milimita 10 kati ya raba iliyobanwa na kikomo hicho.

Rudia upande wa pili, kisha fanya jaribio moja zaidi: inua gurudumu moja hadi juu huku lingine likiwa limening'inia. Gari likikata kona au likipanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja, mkao wake ndio huu, na tairi lisilogusa chochote magurudumu yote mawili yakipanda pamoja linaweza kugusa fenda ya ndani pale boriti inapoinama upande mmoja.

Mfano wa hesabu

Chukua gari dogo lenye boriti ya nyuma ambalo kabla ya kushushwa lilikuwa na vipimo hivi: kimo cha kawaida milimita 370, likining'inia 450, raba ikianza kuguswa 325, na likiwa juu kabisa raba ikiwa imebanwa 285. Namba hizi ni za mfano, usizitumie badala ya zako. Nafasi ya kupanda ni milimita 85, ambazo 45 za kwanza ni huru na 40 za mwisho ni za kubana raba. Nafasi ya kuning'inia ni 80.

Sasa mwenye gari anaweka springi fupi zinazolishusha kwa milimita 40, na shokapu anabakisha zilezile. Kimo cha kawaida kinakuwa 330. Nafasi ya kupanda imebaki 45, lakini iliyo huru kabla ya raba ni milimita 5 tu, chini ya unene wa kidole kidogo, na hapo gari halina abiria hata mmoja nyuma.

Weka abiria. Watu watatu wa kilo 70 na mizigo ya kilo 40 ni kilo 250, na kwa sababu kiti cha nyuma na buti viko karibu na ekseli ya nyuma, karibu uzito wote huo unaishukia ekseli hiyo, yaani kilo 125 kwa kila gurudumu. Ikiwa springi ya zamani ilikuwa na ugumu wa kilo 2.5 kwa milimita ukipimwa kwenye gurudumu, yaani kila kilo 2.5 zinalishusha gari milimita moja, gari lilikuwa likishuka milimita 50 na kubakiza 35 za kupanda. Ikiwa springi mpya ina kilo 3.5 kwa milimita, hesabu inatoa milimita 36 za kushuka, na kati ya 45 zinabaki 9. Kwa kweli raba itaanza kubeba sehemu ya mzigo mapema na gari halitashuka zote 36, lakini hilo si la kujifariji nalo: maana yake ni kwamba gari linatembea likiwa limekalia raba muda wote, na kila jiwe linapigwa moja kwa moja kwenye mwili.

Neno «kwenye gurudumu» katika hesabu hizo lina uzito. Ugumu ulioandikwa kwenye springi si ule linaoupata gurudumu, isipokuwa springi iwe imekaa sawa kabisa na gurudumu. Inua gurudumu milimita 50 na upime springi imefupika kiasi gani. Ikifupika 40, uwiano ni 0.8, uzidishe kwa wenyewe upate 0.64, na hiyo ndiyo sehemu ya ugumu inayofika kwenye gurudumu. Springi ya kilo 6 kwa milimita, ambayo muuzaji anakuonya kwamba ni ngumu mno, hapo inakuwa kilo 3.84. Watu wengi hukataa springi nzuri, au hununua mbaya, kwa kutolijua hili.

Gari limeshushwa kwa njia gani

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kukata springi. Sina budi kuizungumzia kwa sababu inafanyika. Springi ikikatwa inapungua urefu na inaongezeka ugumu kwa wakati mmoja, kwani ugumu hufuata idadi ya mizunguko inayofanya kazi: ya mizunguko sita ikikatwa mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Hilo peke yake lingeweza kusaidia kidogo. Shida ni kwamba asilimia 20 hazitoshi kufidia nafasi iliyopotea, na springi nyingi za nyuma zina mzunguko wa mwisho uliokunjwa kwa ndani ili ukae kwenye kiti chake. Ukishaukata huo, ncha iliyo wazi haikai, inauma kiti na kuhama. Anayekata kwa moto wa gesi anaongeza kosa jingine, maana chuma cha springi kimepata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani, na moto unaziondoa pale ulipogusa. Kupasha springi moto hadi ikae yenyewe, bila hata kuikata, ndiko kubaya kuliko kote, na gari lililofanyiwa hivyo litolewe springi hizo bila mjadala.

Springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika ni bora zaidi, mradi ugumu wake umepanda kwa kiasi kinacholingana na kimo kilichopungua, na mradi muuzaji anaweza kukuambia ugumu huo. Asiyeujua anauza kimo tu.

Kuna tofauti kubwa kati ya aina mbili za shokapu zenye kimo cha kurekebisha, na tofauti hii ndiyo ningependa kila mnunuzi aielewe kabla ya kutoa pesa. Aina ya kwanza inarekebishwa kwa kuteremsha kiti cha springi kwenye nyuzi za mwili wa shokapu. Ukikiteremsha milimita 30, rodi nayo inaingia ndani zaidi ya shokapu, na nafasi ya kupanda inapungua kama ilivyopungua kwa springi fupi. Aina ya pili ina mguu wa chini unaozungushwa ili mwili mzima wa shokapu uwe mfupi au mrefu. Ukiufupisha huo, gari linashuka lakini rodi inabaki palepale ilipokuwa ndani ya shokapu, na mwendo wote unabaki. Kwa gari letu la mfano, mwili wa shokapu ukifupishwa kwa kiasi cha milimita 30 kwenye gurudumu, mwisho wa juu unahama kutoka 285 hadi 255, na nafasi ya kupanda kwa gari lililoshushwa inarudi kuwa 75.

Inarudi, lakini kwa sharti. Shokapu sasa inaruhusu gurudumu kupanda hadi mahali ambapo mtengenezaji wa gari hakulipangia lifike, kwa hiyo kitakachozuia kinaweza kuwa fenda, chesi au bomba la moshi. Tairi la 195/50 la rimu ya inchi 15 lina kipenyo cha milimita 576, nusu yake 288. Katikati ya gurudumu ikiwa milimita 255 kutoka ukingo wa fenda, sehemu ya juu ya tairi imeshapita ukingo huo kwa milimita 33 kwenda juu, nalo lazima liingie kwa ndani bila kukwaruzwa. Rimu pana zilizotoka nje, ambazo ndizo zinazopendwa, ndizo zinazokataa kuingia. Hapa mtu anachagua: rimu zitoke nje au gari lipande tuta likiwa na abiria. Kukunja ukingo wa fenda kwa ndani kunasaidia kidogo. Rangi ipashwe kwanza isipasuke, kwani mahali rangi ilipopasuka ndipo kutu inapoanza mvua ikifika.

Raba ya kuzuia

Raba hii inadharauliwa. Fundi mwenye haraka huikata yote au huitupa, mlio wa kugonga ukapungua kwa wiki chache, na mwenye gari akafurahi. Kilichotokea ni kwamba bastola ya shokapu sasa inapiga vali iliyo chini ya silinda, na pigo linapita kwenye rodi hadi maunti ya juu, pale shokapu inapofungwa kwenye mwili wa gari. Baadaye mafuta yanavuja, maunti inapasuka, na chuma cha mwili kuizunguka maunti kinaanza kuonyesha nyufa nyembamba chini ya zulia la buti, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Raba nzuri za siku hizi ni za povu la poliyurethani, laini kwenye ncha na ngumu kadiri zinavyobanwa, nazo zinabanwa hadi chini ya nusu ya urefu wake. Kazi yake kwenye gari lililoshushwa ni ya springi ya pili. Kwa hiyo isikatwe kwa kubahatisha. Chukua namba yako ya kikomo cha chuma, ongeza milimita 10 za usalama, na uhakikishe raba inamaliza kubanwa kabla ya hapo. Ukikuta ni ndefu kupita mahitaji, ipunguze kwa upande mnene ulioelekea juu kama mkao wake unaruhusu, ili ncha laini inayoanza kuguswa ibaki. Ukikata ncha hiyo, mguso wa kwanza unakuwa mkali, na nyuma ya gari inaruka upande ukipiga tuta katikati ya kona. Kama kuna raba fupi zilizotengenezwa kwa magari yaliyoshushwa, ni afadhali kuzinunua hizo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na shokapu moja.

Upande wa kuning'inia

Turudi kwenye springi inayocheza. Kwenye gari letu la mfano, tuseme kila gurudumu la nyuma linabeba kilo 275 za mwili. Springi ya kilo 3.5 kwa milimita inabanwa milimita 79 na uzito huo. Lakini shokapu ya zamani, kimo cha kawaida kikiwa 330, inaruhusu gurudumu kushuka hadi 450, yaani milimita 120. Kwa hiyo milimita 41 za mwisho gurudumu linaning'inia bila springi kulisukuma, na springi inaelea kati ya viti viwili. Gari likiruka kwenye nundu, au gurudumu likiingia kwenye shimo refu, springi inaweza kurudi ikiwa imekaa vibaya, au kwenye magari yenye springi iliyo peke yake ikatoka kabisa.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni springi ndogo ya kusaidia, bapa na laini sana, inayowekwa juu ya ile kubwa; gari likisimama inabanwa yote na haifanyi kazi yoyote, gurudumu likining'inia inaishikilia kubwa isihame. Ya pili ni shokapu yenye rodi inayoishia mapema zaidi. Ile iliyofupishwa mwili kwa milimita 30 tayari imepunguza tatizo, kwa kuwa mwisho wa chini umehamia 420 na sehemu isiyo na springi imebaki kama milimita 11, ambazo springi ya kusaidia inazimudu kwa urahisi. Usitumie mnyororo wala waya kuzuia gurudumu lisishuke. Na usipunguze nafasi ya kuning'inia hadi karibu na sifuri kwa kuogopa springi kucheza, kwani gurudumu lisiloweza kushuka huachana na ardhi kwenye kila shimo, na gurudumu lililoachana na ardhi halifungi breki.

Aina za nyuma na mambo yake

Vitz na IST za Toyota zisizo na mvuto wa magurudumu manne zina boriti inayojipinda. Kuzishusha hakubadilishi sana mkao wa matairi, na shida yake kubwa ni boriti na bomba la moshi. Sedani za Corolla za E100 na E110 zina springi juu ya shokapu nyuma, hivyo raba na maunti ndizo za kuangaliwa. Mark II za JZX90 na JZX100 pamoja na Altezza zina mikono ya juu na chini nyuma, na zikishushwa matairi huinamia ndani kwa juu na mwelekeo wake hubadilika, kwa hiyo bila kurekebisha mikono na kupima alaimenti matairi yataliwa upande wa ndani kabla hujaona. Gari lenye ekseli nzima iliyoshikwa na fimbo ya mlalo litaona ekseli imesogea upande mmoja, kwa sababu fimbo hiyo inazunguka kwenye duara. Pima kutoka tairi hadi fenda kushoto na kulia, na urekebishe urefu wa fimbo.

Kwa Hilux, Hiace na magari mengine ya mizigo kuna jambo la hatari ambalo husahauliwa. Mengi yana vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayotambua mzigo kwa kuangalia mwili umeshuka kiasi gani. Ukilishusha gari, vali inadhani limepakiwa, inapeleka breki nyingi nyuma, na gari tupu kwenye lami iliyolowa linafunga magurudumu ya nyuma na kugeuka. Fimbo hiyo lazima irekebishwe kwa kipimo cha mtengenezaji gari likiwa kwenye kimo chake kipya.

Kufunga na kujaribu

Wakati wa kurudisha vitu, boliti za bushi zikazwe kwa mkono tu hadi gari likae chini kwa uzito wake, ndipo zikazwe kabisa. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira wa bushi unabaki umejikunja siku zote, unaongeza ugumu usioujua kwenye hesabu yako, na unachanika mapema. Angalia hozi za breki, waya za breki ya mkono na waya za ABS katika miisho yote miwili ya mwendo: zisivutwe chini, zisibanwe juu. Na ikiwa ugumu wa springi umepanda kwa asilimia 40, shokapu inahitaji kama asilimia 18 zaidi ya nguvu ya kuzuia ili gari lisirukeruke. Shokapu ya kawaida iliyochoka haitaweza.

Kabla ya kutoka, pandisha juu kifuniko cha vumbi cha shokapu na ufunge kamba ya plastiki ya kubania waya kwenye rodi, iwe imekaza kiasi cha kutoteleza yenyewe, kisha isogeze hadi iguse mwili wa shokapu. Kila gurudumu linapopanda, mwili wa shokapu unaisukuma kamba juu ya rodi na kuiacha pale mwendo ulipofika. Pakia watu na mizigo unayobeba kwa kawaida, si gari tupu, na upite njia unazopita: matuta ya mtaani, makutano yaliyochimbika, kipande cha udongo. Jumla ya kilomita chache inatosha.

Ukirudi, teremsha watu na utazame rodi. Katika kiangazi utaona hata bila kamba, kwa kuwa vumbi jekundu hubaki juu ya mstari na chini yake chuma kimefutwa kikang'aa. Kamba ikiwa imesimama chini ya raba na nafasi ikabaki, kimo ulichochagua kinafaa na unaweza hata kujaribu kushusha milimita 5. Ikiwa imeizamia raba kidogo, hali ni ya kawaida kwa gari lililoshushwa na lililopakiwa. Ikiwa imezama ndani kabisa ya raba au imekatika, ongeza ugumu wa springi au pandisha gari milimita 10 na ujaribu tena. Kuzungusha kiti cha springi ili kuikaza kunapandisha kimo tu, hakuigeuzi springi kuwa ngumu zaidi. Kamba iachwe mahali pake. Springi mpya hutulia na kupungua milimita kadhaa katika majuma ya kwanza, kwa hiyo pima tena kimo cha kawaida baada ya mwezi, na mara nyingine kabla ya mvua za kwanza, wakati mashimo hayajajaa maji na bado unaweza kuona unachokipiga.